Kwato Zilizopanda Guta

Usinikunjie uso hata sijafungua mdomo. Wewe ni yule yule uliyeamini kwamba mganga wa Sirari alimtoa mtu nyoka tumboni kwa njia ya simu, ukaja kunihadithia umeketi kwenye kigoda changu, unakula muhogo wangu. Leo nikisema kwato za ng'ombe zilitoka hoteli ya Efrazia zikaenda shambani kwa mtu, ng'ombe hayupo, na aliyezibeba hakuna aliyemwona, unaanza kutikisa kichwa. Haya, tikisa. Kitachoka, na mimi nitakuwa nimekwisha fika mbali.

Kijiwe chenyewe kiko Mugumu, kwenye kona ya kutoka stendi kwenda sokoni. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mgongo wake ukuta wa hoteli ya Efrazia. Mbele ya ubao Saadi ameweka jiko lake la mkaa, birika na vikombe vyake visivyo na masikio. Efrazia anapika supu ya makongoro na utumbo, mwaka wa kumi na tisa huu, na kijiweni hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Mama Supu. Mlango wa hoteli hukaa wazi tangu alfajiri, naye huketi kizingitini na beseni lake, kwa hiyo neno lolote linalosemwa kwenye ubao hupita sikioni mwake kabla halijafika barabarani. Ijumaa ninayokusimulia, saa tatu asubuhi, alikuwa anamenya ndizi kana kwamba zimemtukania mama yake.

Alikuwa na sababu. Zamani taka zake alizichukua Kisyeri wa mkokoteni, kwa bakuli la supu kila siku. Kisyeri akasikia machimboni Nyamongo kuna mwamba umefunguka, akauacha mkokoteni umeegemea nguzo ya umeme, hajaonekana tena. Taka zikabaki nyuma ya hoteli: kwato, uchafu wa matumbo, maganda, majivu. Mbwa wakaja. Wakaja na wale ndege wenye vipara na mfuko shingoni, wakasimama wamejikunja kama wazee wanaosubiri kesi. Mwisho akaja bwana afya. Alikwenda nyuma akarudi ameziba pua kwa leso, akasema Ijumaa saa sita mchana anataka kuona mkataba wa mtu anayezoa hizi taka, la sivyo anakuja na kufuli. Pipa la sokoni ni la soko, alisema, si la hoteli.

Na Efrazia hana shamba. Hana ng'ombe. Ana mwana mmoja Mwanza anayetuma salamu, na salamu haipikwi. Alicho nacho ni mlango ule.

Ndipo akatokea Felix, yule wanayemwita Felix Katikati. Ni dalali. Amesimama katikati ya mwenye kiwanja na mnunuzi, mwenye nyumba na mpangaji, hata katikati ya fahali na mitamba. Akamwambia Efrazia kwamba siku hizi mwenye biashara hahangaiki kutafuta mzoaji. Anamweleza dalali ana taka za namna gani, zinajaa magunia mangapi, zitoke mara ngapi kwa wiki, na dalali anamtafutia wa kumfaa. Akauliza maswali kama daktari, akaandika kila kitu. Wiki ya kwanza ya majaribio, akasema, na karatasi watasaini Ijumaa. Jumanne, kabla Efrazia hajafungua mlango, magunia manne yalikuwa hayapo. Nani kayachukua, hakuna aliyeona.

Hilo ndilo lililokuwa linatafunwa kijiweni pamoja na kashata.

— Hao ni watu wa mapato, — alisema Saadi, akimimina kahawa kutoka juu bila kumwaga tone. Babu yake alikuja huku kutoka pwani kuuza kanga, na mpaka leo Saadi anaongea kama mtu anayesubiri gari la kurudi. — Wanahesabu mifupa. Mama Supu anasema kauza bakuli ishirini, mifupa inasema mia. Wameshamnasa.

— Mifupa gani, wakati kila mmoja unarudi sufuriani mara tatu? — aliuliza Waitara. — Watahesabu nini hapo?

— Nimekusikia, Jaji, — alisema Efrazia bila kuinua kichwa. — Jana ulipata mfupa wa mara ya kwanza. Leo nakupa wa mara ya nne.

Huyu Waitara wanamwita Jaji kwa sababu amewashtaki majirani zake mara kumi na moja kwa mambo ya mipaka, na zote kumi na moja ameshindwa. Tangu hapo anajua sheria kuliko waliomshinda.

— Mapato hawana akili hiyo, — aliendelea Jaji. — Nyie mnafikiri kidogo. Hili jambo ni la kimataifa.

— Eh! Kimataifa.

— Cheka tu. Zinavuka mpaka hapo Sirari hizo, zinaingia Kenya. Kule wananunua kwato, wanasaga, wanachemsha, wanatoa ile kitu ya kugandisha peremende na yogati. Wanaifunga kwenye pakiti ina picha ya mtoto anacheka, wanairudisha huku. Unamnunulia mjukuu, na wewe unaonja. Unakula kwato zako mwenyewe, mura, na unasema tamu.

— Hiyo chai, Jaji.

— Chai ni hii unayotuuzia ukiiita kahawa. Weka akilini neno langu: taka zako zinakurudia tumboni.

Efrazia alilisikia neno hilo akaliacha lipite. Alikuwa hamwamini Felix, hilo ni kweli, lakini hakumwamini Jaji pia, wala Saadi, wala mtu yeyote anayeweza kukaa juu ya ubao tangu asubuhi mpaka adhuhuri siku ya kazi. Alichotaka kujua ni kimoja. Akiweka jina lake kwenye karatasi ya Felix, jina hilo linakwenda kulala wapi?

— Ngojeni mimi niseme ninalolijua, — alisema Saadi, akaweka birika chini, dalili kwamba uongo unaokuja ni mkubwa. — Ni fisi.

— Fisi gani tena?

— Fisi wa porini. Watalii wanakuja kuona fisi, sivyo? Na fisi wa siku hizi wavivu, mchana hawaonekani. Sasa iko kambi moja huko ndani, sitaitaja, wanamwaga kwato karibu na mahema. Fisi anakuja mwenyewe, mzungu anapiga picha akiwa na chupa yake ya maji mkononi. Amefurahi. Kwato za Mama Supu sasa hivi ziko Ulaya, ukutani kwa mtu, kwenye fremu.

— Acha zako, Saadi!

— Fremu ya dhahabu.

— Na hao fisi wakishazoea supu yangu, — alisema Efrazia, — wakaamua kuifuata huku mjini?

— Unafikiri kwa nini bwana afya anakuharakisha?

Walicheka wote, isipokuwa mzee aliyekaa mwisho wa ubao, anachora mavumbi kwa ncha ya fimbo. Huyo ni Mwikwabe, wa Nyansurura, na ili uelewe yaliyofuata lazima nikwambie kazi yake. Huku kwetu ng'ombe wakiibwa, watu wanapiga yowe na kufuata unyayo. Unyayo ukiingia kwako, ni juu yako kumtaja mtu: huyu ndiye kauleta, au huyu ndiye kaupeleka mbele. Ukishindwa kutaja mtu, umeishia kwako, na ng'ombe wale unawajibu wewe. Mwikwabe alikuwa mbele ya wafuataji miaka mingi. Alikuwa anaweza kukuonyesha kwato ya mtamba mwenye mimba kwenye kundi la ng'ombe sitini.

Jumatatu jioni ndiye aliyemwambia Efrazia, pembeni, kijiwe hakikusikia: usigombane na Felix, weka alama kwanza. Efrazia akachukua kwato alizozitoa kwenye makongoro, akatia msumari kwenye moto, akazichoma alama ya ng'ombe wa baba yake, mistari miwili iliyosimama na nukta katikati. Akazitupa magunia tofauti. Jumanne asubuhi Mwikwabe akafuata alama za magurudumu kutoka nyuma ya hoteli. Lilikuwa guta, lile la matairi matatu lenye injini ya pikipiki, na tairi lake la nyuma kushoto limekwisha kashata, limebaki kipara. Akalifuata mpaka kwenye njia panda. Hapo ikashuka mvua, ikafuta kila kitu.

— Nimefuata kwato maisha yangu yote, — alimwambia Efrazia aliporudi, nguo zimeganda mwilini. — Hizi ndizo za kwanza kunipandia gari.

Sasa turudi kijiweni. Jaji alikuwa hajapendezwa. Fisi wa Saadi walipata kicheko kikubwa kuliko peremende zake, na Jaji ni mtu asiyekubali kushindwa mara ya kumi na mbili. Akasogea mbele, akashusha sauti.

— Sikutaka kulisema hili. Lakini mnacheka, na jambo lenyewe si la kucheka. Felix anatumwa na wachawi.

— Astaghafiru.

— Ni dalali wao.

— Wachawi nao wana dalali?

— Saadi, siku hizi nani hana dalali? Sikiliza. Juzi Jumatano nimekwenda shambani kwangu. Nakuta kwato. Ng'ombe hayupo, mfupa hakuna, kwato tupu zimelala zinaniangalia. Sita. Na zote zimechorwa! Zimechomwa kwa moto, mistari miwili na nukta.

Kisu cha Efrazia kikasimama katikati ya ndizi. Mwisho wa ubao, fimbo ya Mwikwabe nayo ikasimama.

— Mistari imelala au imesimama? — aliuliza Efrazia, pole pole kabisa.

— Imesimama.

— Nukta iko wapi?

— Katikati. Kama jicho la mtu. Mama Supu, mimi si mwoga, unanijua, lakini nilivua shati nikaligeuza ndani nje, nikazunguka shamba kinyumenyume mara saba. Nimeangukia shimo la panya, kiuno kinauma mpaka leo.

— Pole. Na kwato zilikuwa zimelala juu ya nini?

— Kwenye samadi.

— Samadi gani, Jaji? Wewe hufugi hata bata.

Waitara akanywa kahawa kutoka kikombe kisicho na kitu.

— Samadi yangu, — akasema.

— Umeitoa wapi?

— Nimetafutiwa.

— Na nani?

— Na mtu. Aliniomba nisitangaze, alisema ni mzigo mchache, mkijua mtaugombania.

Saadi aliweka mkono juu ya kifua. Alianza kucheka kwa pua, kisha kwa mdomo, kisha akachuchumaa kabisa kando ya jiko.

— Jaji! Jaji, umenunua taka za Mama Supu! Kwa Felix! Umepigwa, baba!

— Samadi mchanganyiko, — alisema Waitara, shingo imesimama. — Ni kilimo cha kisasa. Hamwezi kuelewa.

Efrazia hakucheka. Mwikwabe hakucheka. Mzee alikuwa anamwangalia Jaji kama anavyoangalia tope lililokanyagwa.

— Shamba lako, — alisema Mwikwabe, — si lile la kwenye mteremko, juu ya kisima cha mawe?

— Ndilo.

— Na Jumanne mvua ilinyesha.

Saadi akaacha kucheka. Kwenye kona ile hakuna bomba. Maji yote, ya supu na ya kahawa, yanaletwa na vijana wa baiskeli kwenye madumu ya njano, na vijana wale wana kisima kimoja tu, cha mawe, chini ya mteremko. Waliangalia vikombe. Waitara akakiweka chake chini kwa vidole viwili. Mwikwabe akamwaga chini kilichobaki kwenye chake.

— Kahawa imechemka! — alipiga kelele Saadi. — Nimeichemsha tangu saa kumi na moja, wallahi!

— Hata kwato zilichemka, — alisema Efrazia.

Yeye alikuwa amekwisha kunywa vikombe viwili, na supu ameionja mara tatu kujua chumvi. Alihisi ulimi wake mdomoni kama kitu cha mtu mwingine. Jumatano na Alhamisi alikuwa ameuza bakuli kwa makondakta, kwa walimu, kwa mjamzito mmoja aliyetumwa na hamu. Neno la Jaji lile, alilolidharau, lilikuwa limemrudia limevaa nguo nyingine.

Na hapo ndipo Felix alipotokea, shati limepigwa pasi mpaka lina makali, mkoba kwapani.

— Shikamoo, mama. Shikamooni, wazee wangu.

Hakuna aliyeitikia. Felix ni mtu aliyezoea milango isiyoitikia. Akafungua mkoba, akatoa karatasi, akaiweka kwenye ubao mbele ya Efrazia, na kalamu juu yake.

— Sahihi moja hapa chini, mama. Bwana afya akija saa sita unampa, anasoma, anakunywa supu, anaondoka. Mambo yamekwisha.

— Felix, — alisema Efrazia, — kwato zangu ziko kwa Jaji.

Mtu mwingine angetoka mbio. Felix alitabasamu.

— Zimefika salama?

— Umeniambia samadi! — alifoka Waitara.

— Baba, samadi ni nini? Si kitu kilichotoka kwa ng'ombe? — Felix akageuka huku na huku, viganja wazi. — Tuelewane. Mama alitaka zitoke. Jaji alitaka ziingie. Mimi nikasimama katikati. Nani hapa amekosa alichokitaka?

Ubaya wake ni kwamba hesabu yake ilisimama. Saadi alianza kuitikia kwa kichwa, taratibu. Jaji mwenyewe alisema, "Kisheria, kwa kweli..."

— Lakini ziko juu ya kisima, — alisema Mwikwabe.

— Hiyo ni ya mzoaji, mzee wangu. Dalali haendeshi guta. Nitaongea nao, wiki ijayo wanabadilisha sehemu. Mama, saa zinakwenda.

Kweli zilikuwa zinakwenda. Saa nne na nusu. Efrazia aliliangalia jua, akaangalia mlango wake, meza zake nne, benchi zake, sufuria likipumua jikoni. Akaichukua kalamu. Sitakuficha: aliichukua. Na wewe ungeichukua, usinitazame hivyo. Sahihi moja, mlango unabaki wazi, na kisima ni cha Mungu na serikali.

— Shikamoo, mama. Shikamooni.

Alikuwa ni Shani, binti aliyefungua saluni mlango wa tatu kutoka hapo, wiki yake ya kwanza. Mkononi ana mfuko umejaa nywele, za bandia na za watu.

— Marahaba, — alijibu Efrazia, kalamu ingali hewani.

— Nimeambiwa hapa ndipo kwenye mpango wa taka. Na mimi nataka kuingia.

— Umefika, dada'ngu! — alisema Felix. — Nywele tunapokea. Mara ngapi kwa wiki?

— Mara mbili. Anayekuja kuzoa anaitwa nani?

— Naitwa Felix.

— Wewe ni dalali, nimeambiwa. Nauliza huyo anayezoa. Nikichelewa kutoa mfuko, nimpigie nani?

— Unanipigia mimi.

— Na wewe unampigia nani?

Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Felix akakuna sikio.

— Nampigia mwenzangu wa Tarime mjini.

— Ndiye mwenye guta?

— Yeye... anaunganisha. Yuko mwingine Sirari ndiye ana mtandao wa magari.

— Huyo ndiye mwenye guta?

— Dada, hii ni biashara kubwa, ina ngazi zake.

— Sawa. Mpigie tu, atuambie jina la dereva.

Felix akapiga, simu sikioni, tabasamu likiwa mahali pake. Sauti ya mwanamke ikasikika mpaka kwenye ubao: namba unayopiga haipatikani. Akapiga tena. Yule mwanamke akasema vile vile. Tabasamu likashuka upande mmoja.

— Nyie mnamjua? — Shani aliwageukia wa kwenye ubao. — Mzee? Baba?

Tangu asubuhi walikuwa wanajua mambo ya mapato, ya Kenya, ya fisi na ya wachawi. Jina la mtu mmoja mwenye guta la tairi kipara hakuna aliyekuwa nalo. Efrazia akashusha macho kwenye karatasi. Alisoma mpaka darasa la saba, na alisoma vizuri. Juu palikuwa na jina lake. Chini palikuwa na jina la Felix, lenye mkia mrefu. Katikati paliandikwa "Mzoaji", halafu nukta, nukta, nukta mpaka mwisho wa mstari.

— Na hapa?

— Hapo tutajaza, mama. Ni kawaida.

— Mtajaza nani?

— Yeyote atakayepatikana.

Efrazia akaiweka kalamu kwenye ubao. Iliviringika ikaangukia kwenye majivu ya Saadi, na hakuna aliyeinama kuiokota.

— Tata Mwikwabe, — alisema. — Unyayo umeingia kwa Jaji. Inakuwaje?

— Amtaje aliyeuleta.

— Jaji?

— Felix! — Waitara alisimama, kidole kimenyooka. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anashinda kesi. — Nimemtaja! Mbele ya mashahidi! Umetoka kwa Felix!

— Felix. Nani kauleta?

Felix akaiangalia simu yake. Akaigeuza, akaangalia mgongo wake, labda jina limeandikwa huko.

— Mama, haya ni mambo ya ng'ombe. Hizi ni taka.

— Kwato ni za nani? Za mbuzi? — Mwikwabe alijiinua kwa fimbo, magoti yakalia. — Hana wa kumtaja. Umeishia kwake.

Efrazia akaingia ndani. Walimsikia akimwaga maji jikoni, na moto ukapiga mluzi mrefu. Walimsikia akifunika sufuria. Saadi alichungulia.

— Mama Supu, unafanya nini? Saa sita bado! Supu ile imejaa!

— Ya maji ya kisima ile.

Akarudi kizingitini na koleo, na magunia manne matupu begani.

— Jaji, inuka. Unatuonyesha hilo shamba lako la kisasa. Tunazoa zote, mpaka ganda la mwisho, halafu vijana wa madumu wakatafute kisima kingine mpaka nitakapowaambia.

— Na kiuno changu?

— Kiache hapo kwenye ubao.

— Mkishazoa mtazipeleka wapi, mama? — aliuliza Shani.

— Uani kwa Felix.

— Uani kwangu! — Felix alidondosha mkoba. — Mama, mke wangu amejifungua majuzi! Kuna mtoto mchanga ndani!

— Basi jina utalikumbuka mapema. Tata Mwikwabe anapajua kwako?

— Napajua, — alisema Mwikwabe. — Nyumba ya geti la bluu.

Felix aliichukua karatasi yake, akaokota mkoba, akaupangusa, akaanza kupiga simu upya, akitembea huku na huku barabarani. Yule mwanamke wa kwenye simu hakubadilisha maneno.

— Bwana afya akija na kufuli, — aliuliza Saadi, akimwaga birika lake pembeni bila kutazama linakomwagikia, — tumwambieje?

Efrazia alitoka nje mzima mzima. Mlango ule ulikuwa haujawahi kufungwa mchana, na bawaba zilipiga kelele kama zinaulizwa jambo zisilolijua. Akauvuta mpaka ukagonga fremu.

— Mwambie amechelewa, — akasema, na akatia kufuli lake mwenyewe.